Mshale Kwenye Mashine ya Babu

Kibondo, 16 Machi 2024

Mdogo wangu Claudine,

Amahoro. Nakuandikia nikiwa kwenye kitanda cha Bibi, kwa sababu wiki hii ndiyo sehemu pekee ya nyumba isiyovuja. Bibi Mpawenimana anakusalimu mara tatu: ya kwanza kwa jina lako, ya pili kwa jina la marehemu dada yake, na ya tatu alikosea akaniita mimi Claudine. Sikumsahihisha.

Baba ameshapanda maharage, mvua imeyalaza nusu. Baba yako, Baba Mdogo wangu, alifika Jumatatu kutoka Gwarama na debe la mihogo mikavu, akalalamika kwamba tangu uingie utawani hakuna anayemcheka akianguka na baiskeli. Nimemwambia tutajitahidi. Shuleni sijambo. Kidato cha Pili wamenipa jina, Madam Wembe. Wanadhani sijui.

Najua Sista Immakulata, mlezi wenu, ataisoma hii kabla yako. Tumsifu Yesu Kristu, Sista. Sina siri.

Mashine zangu za kunyolea sasa ni kumi na nane. Ya mwisho nimeipata Gwarama kwa mjane wa katekista. Ilikuwa ndani ya kopo la dawa ya mifugo, imejaa kutu, lakini bamba lake, kile kibati wembe unapolalia, lina vijiti vya duara badala ya mwamba mrefu wa katikati. Maana yake ni ya kabla ya miaka ya thelathini. Nililia, Claudine. Mjane akadhani nimemkumbuka mumewe, akaniongezea na ndizi.

Sasa kuhusu ile ya Babu. Tafadhali usiing'arishe. Usitumie majivu wala limau. Maji ya vuguvugu, sabuni, mswaki laini, basi. Nasema hivi kwa faida ya kitu chenyewe. Mimi sina neno. Siku ile ya kumaliza matanga, Baba aliposoma kile kikaratasi, "Mashine apewe Claudine," watu wote walinigeukia mimi na si wewe. Shangazi alinishika hata bega. Sikuelewa kwa nini ananishika bega. Babu alikuwa huru kugawa vitu vyake.

Nimejiuliza jambo moja tu, na ni la kisomo: mtawa anaruhusiwa kuwa na mashine ya kunyolea?

Barua nampa Saady wa stendi, atamwachia Zaitun dukani kwake hapo Kasulu. Ukijibu, pitisha huko huko.

Dada yako,
Aline


Kasulu, 7 Aprili 2024

Dada Aline,

Kristu amefufuka, na mimi nimeunguza maharage ya wanovisi kumi na wanne. Hizo ndizo habari kubwa za Pasaka. Sista Immakulata amecheka alipofika kwenye salamu zako, akasema, "Huyu dada yako anabisha hodi huku ameshaingia." Anakusalimu.

Mwambie Bibi nimezipokea salamu zote tatu, na ile ya kwako nakurudishia. Mwambie Baba yangu baiskeli ile ina breki, ajaribu kuzitumia siku moja.

Kazi yangu mwaka huu ni kwenye nyumba ya wazee, nyuma ya bustani. Wako kumi na mmoja. Kuna Mzee Nkunzimana, haoni vizuri, anatukana kwa adabu sana. Kuna Mzee Khatibu, alikuwa na duka la vitambaa hapa mjini, watu wake wako Tanga na hawaji. Jumamosi ni siku ya kuwaogesha na kuwakata kucha. Kunyoa tunatumia wembe mtupu tulioubana kwenye kijiti, na kila Jumamosi kuna damu.

Swali lako la kisomo nimelipenda. Jibu ni hapana, au si kwa muda mrefu. Desemba nitaweka nadhiri za kwanza, na kabla ya hapo Sista ametupa karatasi: kila mtu aandike alicho nacho cha thamani, kitu chenyewe ni nini, cha mwaka gani kama ni cha zamani, na kiende kwa nani. Wengine wana mashamba, mwenzetu mmoja ana ng'ombe watatu. Mimi nina mashine ya Babu na viatu vya michezo.

Kwa hiyo nahitaji mtaalamu, na mtaalamu ninayemjua ni mmoja. Ni ya mwaka gani? Sina simu ya kupiga picha, lakini nimeifungua vipande vyote vitatu na kuviweka chini ya karatasi, nikapitisha penseli juu. Kofia ya juu haikutoa kitu. Bamba limetoa alama, upande ule wa ndani pale wembe unapolalia: kama unyayo wa kuku, na tarakimu mbili. Mpini umetoa mistari tu. Karatasi hiyo iko ndani ya bahasha.

Unajua, Babu hakutaka mtu aifungue. Mwaka jana mikono ilipoanza kutetemeka ndipo alinipa niwe nambadilishia wembe, na hata hapo alikuwa anafumba macho, kama mtu anayevuliwa nguo mbele ya watu.

Sijaing'arisha. Nimeiogopa barua yako.

Mdogo wako,
Claudine


Kibondo, 20 Aprili 2024
(Hii haikutumwa)

Claudine,

Nimeiweka karatasi yako mezani tangu jana na bado sijasahihisha daftari hata moja. Nimeitazama kwa lenzi niliyoazima maabara ya fizikia. Unyayo wa kuku siyo unyayo wa kuku. Ni mshale. Ni alama ya mali ya jeshi la Mwingereza. Waliigonga kwenye kila kitu walichompa askari, na namba iliyo chini yake ni mwaka. 43. Elfu moja mia tisa arobaini na tatu.

Kumi na nane ninazo, na hakuna hata moja yenye mshale na mwaka pamoja. Nimetembea kwa miguu hadi mpakani Mabamba. Nimekwenda Manyovu kukaa siku nzima mbele ya mtu wa kubadilisha fedha, eti ana moja kwenye droo, kumbe ni ya plastiki. Nimekunywa pombe ya ndizi na wazee wasionipenda. Na yako imekuja yenyewe, hukuitafuta, na unaniuliza mimi ni ya mwaka gani.

Babu alisema kweli. Baba yake, Ndayikeza, alivuka mpaka kuja Tanganyika kutafuta kibarua, akaishia jeshini, akapelekwa Burma, akarudi na mashine ya kunyolea na sikio moja lisilosikia. Babu mwenyewe alivuka nayo tena mwaka sabini na mbili, akiwa mkimbizi, ndani ya mfuko wa chumvi. Unakumbuka alivyokuwa akienda kwenye mahojiano ya uraia, mkono mfukoni muda wote? Hakuwahi kuitoa. Alikuwa anaishika tu. Sasa ushahidi upo, umeandikwa kwa chuma: mtu wetu aliitumikia nchi hii kabla yule karani wa mahojiano hajazaliwa.

Na mpini ni wa pampu ya baiskeli. Mistari ile kwenye karatasi yako naijua. Ule wa kwanza ulipotea njiani, Babu alinisimulia, akatengenezewa mwingine na fundi wa baiskeli. Mtu akiuona mpini peke yake atasema ni takataka.

Kwa nini wewe? Nilikuja huko kwenu Gwarama kila Jumamosi. Kila Jumamosi, Claudine, na daftari.


Kibondo, 27 Aprili 2024

Mdogo wangu Claudine,

Salamu kutoka kwetu sote. Bibi ana kikohozi, tunampa tangawizi. Mvua zimepungua, Baba amefurahi. Shule inakaribia mitihani ya nusu muhula.

Nimeichunguza karatasi yako kwa makini. Nasikitika kukuambia kwamba mpini wa mashine hiyo ni kipande cha pampu ya baiskeli kilichochomelewa nati ndani yake. Kazi ya namna hiyo ilifanywa huku kwetu kuanzia miaka ya sabini. Vitu kama hivi huunganishwa na mafundi wa sokoni, kipande hiki kutoka huku na kingine kule, kwa hiyo hakiwezi kusemwa ni cha mwaka fulani. Na ile alama ya kwenye bamba? Ile alama ni ya kiwanda, haina maana.

Najua hili halilingani na hadithi za Babu. Wazee husimulia wanavyopenda. Kwenye karatasi ya Sista unaweza kuandika tu "mashine ya kunyolea, iliyotumika".

Kama inakusumbua pa kuipeleka, mimi naweza kuihifadhi.

Dada yako,
Aline


Kasulu, 2 Juni 2024

Dada Aline,

Habari za hapo? Bibi amepona? Huku baridi imeanza, asubuhi ukungu unafika hadi kwenye dirisha la kanisa, na wazee wanagombea jua la ukutani kama kuku. Niwie radhi kwa kuchelewa. Barua yako ilifika mapema. Mimi ndiye niliyechelewa.

Nitakuambia kweli, iliniumiza. Si mashine, ni Babu. Unajua kwamba Jumamosi zile, wewe ukishaondoka, mimi ndiye niliyekuwa nikimnyoa. Ulikuwa unamhoji hadi saa nane, vita gani, meli gani, mwaka gani, kisha unawahi gari. Nami napasha maji. Akishapakwa povu alikuwa ananisimulia mambo ambayo hukuyauliza: jinsi baba yake alivyokuwa akinyoa huku anaimba kwa lugha ya huko alikokwenda, bila kujua maana yake, na watoto wakaukariri wimbo mzima. Babu aliniimbia. Nilimwamini kila neno huku nimeshika koo lake mkononi.

Sasa najiuliza wimbo ule aliutoa wapi. Nimeuliza hata kwenye sala. Kama mtu anaweza kudanganya vile, miaka yote ile, mkono mfukoni, basi na mimi ninapoweka maisha yangu juu ya neno la mtu, nimeyaweka wapi? Sista aliniona nalia kando ya jokofu. Jikoni ndiko kuna faragha.

Lakini umenisaidia jambo moja. Kwenye karatasi nilikuwa nimeshaandika kitu kwenye mstari wa mwisho, nikakifuta. Niliona aibu. Badala yake nimeandika: "Nyumba ya wazee." Sista ametia sahihi, na mashine imeshahamia kule. Tumeitumia Jumamosi tatu. Hakuna damu. Mzee Nkunzimana anasema ni mara ya kwanza tangu aje hapa kunyolewa kama mtu na si kama kiazi.

Kwa hiyo usisumbuke kuihifadhi. Iko kazini.

Claudine


Kibondo, 8 Juni 2024

Mdogo wangu,

Salamu. Bibi amepona. Barua yako imefika leo, nami najibu leo leo, Saady ananisubiri nje akipiga honi.

Kuhusu mashine. Nimefikiri upya na naona inafaa ifanyiwe uchunguzi zaidi, kwa ajili ya kumbukumbu za familia. Naomba muiondoe kwenye matumizi mara moja. Maji na kutikisika vinaharibu. Nitaleta mpya mbili, za kisasa, na paketi ishirini na nne za nyembe. Wazee hawatapungukiwa. Mwambie Sista ni suala la kitaaluma.

Ulifuta nini kwenye mstari wa mwisho?

Aline


Kasulu, 21 Julai 2024

Dada Aline,

Bibi hajambo? Baba yangu ameniandikia kwamba mmevuna maharage, na kwamba umekonda. Kula.

Sista amesema kilichotiwa sahihi kimetiwa sahihi. Amesema pia, na ninanukuu, "Mwulize dada yako, takataka inafanyiwa uchunguzi wa nini?"

Sasa sikiliza. Jumamosi iliyopita nilikuwa naosha ile mashine kwenye beseni, vipande vyote vitatu, karibu na kiti cha Mzee Khatibu. Akaniambia, "Binti, nipe hicho kibati." Nikampa bamba. Akalisogeza hadi puani, akalipapasa kwa kidole gumba, akaanza kucheka peke yake.

"Mmeitoa wapi hii? Huu ni mshale wa jeshi. Baba yangu alikuwa mpishi wa askari Tabora wakati wa vita. Blanketi mshale, kijiko mshale, sufuria mshale. Mama alikuwa akimtania, 'Ukilala usingizi watakugonga na wewe.' Na hii hapa arobaini na tatu. Huo ni mwaka, mwanangu. Mtu yeyote wa umri wangu atakwambia."

Mzee Nkunzimana akadakia kutoka kwenye mkeka, "Mtu yeyote mwenye macho, hujambo wewe!" Wakaanza kugombana.

Mimi nilikaa chini kwenye maji.

Mtu yeyote wa umri wake, Aline. Na wewe una lenzi, na daftari, na vitabu, na wale watu wa kwenye simu wanaokujibu kutoka nchi za nje. Nimerudia barua yako ya Aprili. Mpini umeuelezea kwa mistari mingi. Alama umeielezea kwa maneno saba. Nimeyahesabu.

Ulijua?

Uliniuliza nilifuta nini. Nilifuta "Aline, binti wa Bazilio, Kibondo". Nilikuwa nimeliandika tangu siku niliyopewa karatasi. Mwaka niliutaka tu ili nijaze vizuri, nikuletee kitu chenye jina lake kamili, ufurahi. Ulipokifanya kionekane takataka niliona aibu kumpelekea mtaalamu takataka.

Claudine


Kasulu, 8 Septemba 2024

Dada Aline,

Salamu kwa wote. Zaitun anasema hana barua yangu kutoka Kibondo. Nimemwomba aangalie tena chini ya magunia ya sukari.

Swali langu lina neno moja tu. Jibu lake halizidi hapo.

Claudine


Kibondo, 29 Septemba 2024

Claudine,

Bibi anakusalimu. Baba anakusalimu. Mimi sijui kama naruhusiwa.

Ndiyo.

Nimeandika barua nne nikazichana. Katika moja nilisema lenzi ilikuwa na ukungu. Katika nyingine nilisema nilitaka kukulinda usije ukaibiwa. Zote zilikuwa zimeandikwa vizuri sana. Hii naiandika bila rasimu.

Nilijua tangu dakika ya kwanza. Ndani ya bahasha hii nimeweka barua ya tarehe ishirini Aprili ambayo sikuituma. Isome. Sista naye aisome, asome kwa sauti akitaka. Sitaki uniamini kwa sababu najuta. Nataka uone kwamba jibu lako lilikuwa limeshaandikwa, limekamilika, liko mezani kwangu, na nilikaa nalo siku saba kisha nikaandika lile lingine.

Unataka kujua kwa nini, na najua ukisema "wivu" utadhani umemaliza. Haukuanza na mashine. Ulianza siku moja nilipofika mapema kuliko kawaida na kukukuta umemshika Babu kidevu. Alikuwa amefumba macho, mdomo wazi kidogo, povu hadi masikioni, na uso wake ulikuwa umelegea kwa namna ambayo sijawahi kuiona mbele yangu. Mbele yangu alikuwa shahidi. Alikaa wima, akavaa koti, akanipa tarehe. Nilisimama mlangoni na daftari langu. Hamkuniona. Nikarudi nje, nikapiga hodi kwa nguvu, mkashtuka wote wawili. Tangu siku hiyo nilijua atakupa wewe. Na niliona nimeonewa, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nafanya kazi.

Ulipoandika kwamba hukujua ni ya mwaka gani, nilifurahi. Hilo ndilo la kuungama. Nilifurahi kwamba kuna kitu cha Babu usichokijua, na kwamba nikitaka, hutakijua kamwe. Nilidhani pia utaitupa kwangu kwa sababu haina thamani. Nilitaka nipewe kitu huku unadhani unanipa taka, ili nisiwe na deni la shukrani kwako.

Lakini kumfanya Babu mwongo sikukusudia. Sikuona hata kwamba nimelifanya, hadi uliposema ulilia jikoni. Niliandika "wazee husimulia wanavyopenda" kama mtu anayefuta ubao. Naomba ulisikie kwangu mwenyewe: hakudanganya. Ndayikeza alikuwa askari. Mwaka ni 1943. Wimbo ule aliutoa kule alikokwenda. Neno la Babu liko pale pale ulipoliweka, na kama kuna mtu uliyeliamini neno lake likateleza, mtu huyo ni mimi.

Haya nimemwambia na Baba, mezani, mbele ya Bibi. Baba akaenda kuangalia ng'ombe ambao hatuna. Bibi akaniuliza, "Na huyo Claudine anarudi lini?" Nikamwambia mimi ni Aline. Akasema, "Najua, ndiyo maana nimekuuliza wewe."

Sitaomba mashine tena.

Aline


Kasulu, 3 Novemba 2024

Dada Aline,

Mvua zimefika huku, na kwenu pia naamini. Bibi umfunike miguu.

Nimekaa na barua zako mbili wiki nne. Ningekuwa mtu mwema zaidi ningejibu mapema. Watu wanadhani tukivaa kitambaa hiki hasira inabaki getini. Oya, hapana. Nilikasirika hadi nikavunja chombo cha sabuni. Wiki ya pili nilikutungia barua ya kukutoa machozi. Sista akaisoma, akanirudishia, akasema, "Nzuri. Sasa andika nyingine."

Sijakusamehe vizuri bado. Nakusamehe asubuhi, ikifika mchana nakumbuka yale maneno saba, naanza upya. Nakuambia ili usije ukadhani kimya changu ni utakatifu.

Mashine haitarudi. Si adhabu. Ni kwamba si yangu, na wazee wameshaizoea. Khatibu amewaeleza wote habari ya mshale, sasa kila anayenyolewa anapiga saluti kwanza. Nkunzimana hapigi, anasema jeshi halikumlipa.

Lakini kuna jambo. Kuanzia tarehe mosi Desemba tunaingia mafungo, siku saba za kimya, hadi Jumapili ya nadhiri. Jumamosi ya tarehe saba hakutakuwa na mnovisi wa kuwanyoa. Siwezi kuwaacha wazee na ndevu za wiki nzima siku ya sherehe. Shule zenu zitakuwa zimefungwa. Njoo. Uliahidi paketi ishirini na nne, zilete. Sitaweza kusema nawe, wala kukutazama sana. Mlango wa wazee uko nyuma ya bustani, usipige hodi kwa nguvu.

Siku ile mlangoni tulikuona, Aline. Babu alisikia hatua zako kabla yangu. Alisema, "Mwache, akiwa tayari ataingia." Ulivyopiga hodi, akavaa uso wake wa koti.

Maji yawe ya moto kidogo kuliko unavyodhani. Vuta ngozi kwa mkono mwingine.

Claudine


Kibondo, 15 Desemba 2024

Mdogo wangu,

Naandika "mdogo wangu" ingawa sijui kama nadhiri zimekupa jina jingine la kuitwa na dada zako. Bibi amefika salama nyumbani. Njia nzima alikuwa akimwambia kondakta kwamba mjukuu wake ameolewa na kanisa, na kwamba mahari haikulipwa. Baba yako ameacha kulia juzi. Ulipolala kifudifudi mbele ya altare alinishika mkono hadi pete ikaniumiza, na mimi sikuutoa.

Hukuwepo Jumamosi, kwa hiyo nakuhadithia.

Nilifika saa tatu. Nilikuona kupitia kwenye migomba, mnatembea mmoja mmoja, wewe wa nne, umeinamisha kichwa. Sijui kama uliniona. Uligusa sikio lako, kama mtu aliyesikia hatua.

Wazee walikuwa wamepangwa kwenye benchi. Khatibu akatangaza, "Mkaguzi wa jeshi amefika!" Wakapiga saluti, nikatamani nirudi stendi. Nilikuwa sijawahi kumnyoa mtu, Claudine. Mashine kumi na nane, na sijawahi. Povu lilinifika hadi kwenye nyusi. Wa kwanza nilimkata kidogo chini ya pua, akasema si kitu, akanipa pole mimi. Wa tatu akalala usingizi. Hapo ndipo nilielewa kidogo: unashika kidevu cha mtu na uzito wote wa kichwa chake unakuja mkononi, ghafla, kama amekukabidhi mzigo. Babu alikupa uzito ule kila Jumamosi. Mimi nilikuwa nimekwenda kuchukua tarehe.

Nilipomaliza wa tisa nikabadilisha wembe. Nilifungua vipande vitatu kwenye beseni, na mshale ulikuwepo, na 43, na katikati yake sabuni na vinyweleo vyeupe vya watu nisiowajua. Mshale umelika. Kwa matumizi haya, miaka kumi hautasomeka. Nilikuwa na lenzi mfukoni. Nililisuuza bamba nikalifunga.

Usiku nimeandika kwenye daftari langu, namba kumi na tisa: "Kofia, sijui. Bamba, la jeshi, 1943, lilikuja na Ndayikeza. Mpini, pampu ya baiskeli, fundi asiyejulikana, baada ya 1972. Iko Kasulu. Wenye nayo ni wazee kumi na mmoja." Ni mara ya kwanza kuandika mashine isiyo yangu.

Wa mwisho alikuwa Mzee Nkunzimana. Hakunitukana hata mara moja, nikajua nimeshaiva. Nilimfuta, nikampaka mafuta, nikamwuliza, "Mzee, vipi?" Akajipapasa shavu moja, kisha la pili, polepole, kama mtu anayekagua kitambaa dukani.

"Umejitahidi," akasema. "Yule mwingine anarudi lini?"

Wote wakacheka. Na mimi nilicheka. Lakini lilinichoma pale pale, Claudine, mahali pale pale pa zamani, mbele ya wazee kumi na mmoja wenye nyuso safi. Nimekuonea wivu tena, na safari hii sitaki kuutafutia maneno mazuri. Nimeuleta kwako ukiwa bado wa moto.

Nimemwambia unarudi mara tu baada ya nadhiri. Nimemwambia na mimi nitakuja Jumamosi ya tarehe ishirini na moja, shule hazijafunguliwa. Akasema basi nianze na Khatibu, yeye atakusubiri wewe.

Aline